RICHARD ST. BARBE BAKER: MZUNGU WA NGOMA YA MITI

Wahenga walinena kwamba mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mtu tunayemsimulia katika makala haya alikuwa Mwingereza, tena mtumishi wa serikali ya kikoloni, serikali ile ile iliyowanyang'anya babu zetu mashamba na kuwatundika vipande shingoni. Si ajabu basi kwamba jina lake halisikiki sana midomoni mwetu. Hata hivyo, mwaka wa 1922 alifanya jambo huko Muguga, karibu na Kikuyu, ambalo lafaa kujulikana na kila mwanafunzi wa Kenya. Na sisi wapenzi wa Kiswahili tuna sababu nyingine ya kumkumbuka. Chama alichokianzisha, ambacho baadaye kilienea katika nchi nyingi za ulimwengu, kilipewa jina la Kiswahili kabla ya kupata jina la Kiingereza. Kiliitwa Watu wa Miti.

KUZALIWA NA UTOTO WAKE

Richard St. Barbe Baker alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1889 katika kijiji cha West End, karibu na bandari ya Southampton, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na kitalu cha miche ya miti, kwa hivyo mtoto huyu alizoea kushika udongo na mbegu tangu alipokuwa mdogo kabisa. Samaki mkunje angali mbichi.

Alipokuwa na umri wa miaka kama mitano aliruhusiwa kwenda peke yake katika msitu uliokuwa karibu na kwao. Akaingia, akaacha njia, akapotelea ndani ya magugu marefu kumshinda kimo. Mtoto mwingine angelia akimwita mama. Yeye, kwa masimulizi yake mwenyewe, alijawa na furaha ambayo hakuisahau mpaka uzeeni. Aliona kwamba miti ile mikubwa ilikuwa kama jamaa zake. Tangu siku hiyo mapenzi yake kwa miti hayakupoa.

KANADA, VITA NA CHUO KIKUU

Alipofika umri wa miaka ishirini hivi alisafiri kwenda Kanada, akapata ardhi karibu na mji wa Saskatoon. Msomaji mpendwa, likumbuke jina la mji huo, maana tutarudi kwake mwishoni. Huko alikuwa mmoja wa wanafunzi wa mwanzo wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, na ili apate riziki alifanya kazi ya kukata miti katika kambi za wapasua mbao.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfungua macho. Aliona magogo mazuri yakiachwa chini yaoze, kwa sababu waliokata walijali faida ya siku ile tu. Na kule kwenye nyanda za ngano aliona jambo la kuhuzunisha zaidi. Wakulima walikuwa wameng'oa vichaka na miti yote ili jembe lipite bila kizuizi, na upepo ulipovuma uliubeba udongo wenye rutuba ukaupeleka usikojulikana. Akatambua kwamba mwenye shamba asiye na mti ni kama mwenye nyumba isiyo na paa.

Alirudi Uingereza, akaingia Cambridge kusomea dini kwa nia ya kuwa mhubiri. Kabla hajafika mbali, Vita Vikuu vya Kwanza vilizuka mwaka wa 1914. Alipigana huko Ufaransa katika kikosi cha mizinga, akajeruhiwa, na mwaka wa 1918 akaachishwa jeshi. Alipopona alirudi Cambridge, lakini mara hii hakusomea dini. Alisomea elimu ya misitu. Mwaka wa 1920 akaletwa Kenya awe Mhifadhi Msaidizi wa Misitu.

HALI ALIYOIKUTA KENYA

Mwaka huo wa 1920 ndio Kenya ilipotangazwa kuwa koloni. Kwa upande wa misitu mambo yalikuwa mabaya. Garimoshi la reli ya Uganda lilikuwa likila kuni kama moto wa tanuri, na miti mingi ya kando ya reli ilikuwa imeteketea ndani ya injini. Masetla walikuwa wakifyeka msitu ili walime kahawa na ngano. Nao Wakikuyu, waliokuwa wamesukumwa katika sehemu finyu zilizotengwa, walilima ardhi ile ile mwaka baada ya mwaka mpaka ikachoka.

Kabla ya hapo desturi yao ilikuwa kulima mahali kwa miaka michache, kisha kupaacha papumzike na miti iote tena. Wala hawakuwa watu wasiojali miti. Mugumo ulikuwa mti mtakatifu, haukatwi, na chini yake ndipo walipomwomba Ngai. Hata walipofyeka msitu waliuacha mti mmoja mkubwa hapa na pale, ili roho za miti iliyokatwa zipate mahali pa kukaa. Lakini desturi hizo zinahitaji nafasi, na nafasi ndiyo iliyochukuliwa.

Na serikali je? Serikali ilitangaza kwamba misitu iliyobaki ni mali yake, ikaweka mipaka na askari wa kulinda. Mama aliyeingia kutafuta kuni mahali alipookota mama yake sasa aliitwa mwizi. Basi tujiulize: mtu atapenda vipi kitu ambacho amefukuzwa nacho? Anayekata anakata usiku, na anayemwona ananyamaza, maana si mali yao wote wawili. Msitu wa namna hiyo hauna mwenyewe hata ukiwa na askari mia moja.

Baker aliyaona haya. Alijua pia kwamba ofisi yake haikuwa na fedha za kutosha kupanda upya sehemu zote zilizobaki vipara. Njia iliyosalia ilikuwa moja tu, nayo ni kuwaomba wenyeji wenyewe.

NGOMA YA MITI

Alipokwenda kuwaeleza wazee habari za kupanda miti, walimsikiliza kwa heshima, kisha wakamjibu kwamba kupanda miti si kazi ya binadamu. Hiyo ni shauri ya Mungu. Tangu zamani miti imejiotea yenyewe, na binadamu kazi yake ni kutumia.

Mzungu mwingine angekasirika, au angewalazimisha kwa kiboko kama ilivyokuwa kawaida ya siku hizo. Baker alikwenda akafikiri. Alikuwa amegundua kwamba kila jambo kubwa katika maisha ya Wakikuyu lilikuwa na ngoma yake. Kulikuwa na ngoma ya kupanda maharagwe, na kulikuwa na ngoma ya mavuno. Ngoma ya miti tu ndiyo haikuwapo. Basi kwa nini isiwepo?

Hapo ndipo anapoingia mtu wa pili katika habari hii, naye ni Chifu Josiah Njonjo. Huyu ni baba yake Charles Njonjo, aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru. Chifu Njonjo aliielewa fikira hii, akaiunga mkono. Bila yeye, Baker angebaki na wazo lake mfukoni. Mkono mmoja haulei mwana.

Tukumbuke mwaka wenyewe. Mwezi wa Machi 1922 Harry Thuku alikuwa ameshikwa kwa kupinga kipande na kodi, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi, wengi wakafa. Hiyo ilikuwa miezi minne tu kabla ya siku tunayoisimulia. Yaani damu ilikuwa haijakauka vizuri, na hapa anatokea ofisa wa serikali hiyo hiyo akiwaalika vijana ngomani. Nani angekwenda?

Kumbe walikwenda! Tarehe 22 Julai 1922, kwa masimulizi ya Baker, vijana wa rika la vita wapatao 3,000 walifika kambini kwake huko Muguga wakiwa wamejipamba kwa rangi na manyoya. Zawadi zilikuwa zimetangazwa: fahali aliyenona kwa kijana aliyependeza kuliko wote, na mkufu wa shanga kwa msichana aliyewashinda wenzake kwa uzuri. Ngoma ikachezwa, vumbi likapanda, na siku hiyo Muguga si mchezo!

Ngoma ilipopumzika, Baker aliwaeleza jinsi ardhi yao ilivyokuwa ikielekea kuwa jangwa, na kwamba watakaoumia si masetla bali ni watoto wao wenyewe. Akaomba watu wa kujitolea. Wakachaguliwa 50 wa kwanza, wakala kiapo mbele ya wazee. Waliahidi mambo matatu: kila mmoja atapanda miti kumi kila mwaka, atatunza miti popote aionapo, na atatenda jambo jema kila siku. Wakapewa jina Watu wa Miti, na neno la siri la kutambuana, twahamwe, yaani sisi sote ni kitu kimoja.

Msomaji, tazama kiapo hicho kwa makini. Hakikusema kupanda tu. Kilisema kupanda na kutunza, tena kutunza miti popote, hata ile isiyo yako. Hapo ndipo ilipo siri yote ya mafanikio yao. Vijana waliotesha vitalu kwa mikono yao wenyewe, bila mshahara, wakapeleka miche kwenye mashamba na kwenye vilima vilivyokuwa wazi. Na kwa kuwa mti ulikuwa wa aliyeupanda, mbuzi aliyeusogelea alifukuzwa bila kungoja askari.

KUTOKA KENYA MPAKA ULIMWENGUNI

Baker hakudumu Kenya. Inasimuliwa kwamba siku moja ofisa mwenzake aliinua mkono ampige Mwafrika, naye Baker akajiingiza katikati, pigo likampata yeye. Kitendo hicho hakikuwapendeza wakubwa. Ukoloni haukumpenda mtu aliyesahau yuko upande gani.

Mwaka wa 1924 alikuwa London, akatoa hotuba juu ya imani ya Wakikuyu katika mkutano wa dini mbalimbali. Wakati ambapo Wazungu wengi walisema ati Mwafrika hana dini, yeye alisimama kueleza heshima aliyoiona chini ya mugumo. Ni baada ya mkutano huo alipojiunga na dini ya Kibahai. Mwaka huo huo wa 1924 chama cha Watu wa Miti kikaanzishwa Uingereza, na jina likafasiriwa kwa Kiingereza. Kwa kawaida sisi ndio tunaofasiri ya Wazungu, lakini safari hii wao ndio waliofasiri yetu.

Baadaye alifanya kazi Nigeria ya kusini, katika misitu ya mikangazi karibu na Benin, mpaka mwaka wa 1929. Kisha akaacha kazi ya serikali, na kuanzia hapo maisha yake yote akawa mtu wa njiani. Palestina alianzisha chama cha Watu wa Miti na kuwakutanisha viongozi wa dini zilizokuwa hazisikilizani. Marekani alipigania miti mirefu ya pwani ya California, iliyoishi zaidi ya miaka elfu, isigeuzwe mbao. Mwaka wa 1945 alianza kuwakusanya mabalozi wa nchi mbalimbali mjini London wazungumze juu ya misitu ya dunia.

Kati ya mwaka wa 1952 na 1953 alivuka jangwa la Sahara kwa gari pamoja na wenzake wachache, akaja mpaka Kenya. Alitaka kuona kwa macho yake jinsi jangwa linavyosogea, na akapendekeza nchi za kando yake ziungane kupanda ukuta wa miti ya kulizuia. Wengi walimwona kama mwota ndoto. Lakini mwaka wa 2007 Umoja wa Afrika ulianzisha mradi wa Ukuta Mkuu wa Kijani katika nchi hizo hizo. Hayawi hayawi huwa.

Alipofika Kenya safari hiyo aliikuta nchi katika Hali ya Hatari. Misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya ilikuwa makao ya wapigania uhuru. Msitu ambao serikali ilikuwa imewafukuza wenyeji sasa ndio uliokuwa ukiwaficha.

UZEE NA KIFO CHAKE

Mwaka wa 1959 alihamia New Zealand alikomwoa mke wake wa pili, Catriona. Akiwa mzee wa zaidi ya miaka sabini alipanda farasi akazunguka nchi hiyo, akipita shuleni kuwaeleza watoto habari za miti. Alikuwa hali nyama, na aliandika vitabu vingi, kikiwemo kile cha maisha yake kilichotoka mwaka wa 1970. Mengi tunayoyajua juu yake yametoka katika vitabu hivyo.

Mwezi wa Juni 1982 alikuwa Saskatoon, mji ule ule wa ujana wake. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, alipanda mti katika uwanja wa chuo kikuu alichosomea. Huo ulikuwa mti wake wa mwisho. Siku nne baadaye, tarehe 9 Juni, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 92. Akazikwa huko huko.

ALICHOTUACHIA

Nje kidogo ya Saskatoon kuna msitu unaoitwa kwa jina lake. Ulipandwa na mji mwaka wa 1972 kwenye ardhi iliyokuwa tupu, ubaki kuwa msitu daima. Lakini kupanda ni jambo moja na kutunza ni jambo jingine. Kwa miaka mingi watu waligeuza sehemu zake kuwa jaa la takataka. Walioukomboa ni wakazi wa kawaida, watu wa kujitolea, waliokusanyika kuzoa uchafu huo na kuunda chama cha marafiki wa msitu. Leo ndani yake kuna kulungu na ndege, na watu hutembea humo kupunga upepo.

Habari hiyo haiko mbali na yetu. Msitu wa Karura, kaskazini mwa Nairobi, wenye zaidi ya hekta 1,000, ulitangazwa msitu wa serikali mwaka wa 1932. Katika miaka ya 1990 wakubwa walianza kuugawana kama keki. Askari walikuwako na mipaka ilikuwako, lakini wenyewe hawakuwako, mpaka aliposimama Profesa Wangari Maathai. Tarehe 8 Januari 1999 yeye na wenzake walipigwa wakiwa wamekwenda kupanda mti, damu ikamtoka kichwani. Hakurudi nyuma, na Karura haikugawanywa. Naye alikuwa ameongeza jambo ambalo ngoma ya Muguga haikuwa nalo. Kiapo cha 1922 kililiwa na vijana wa kiume, lakini Wangari, alipoanzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977, aliwakabidhi akina mama miche, maana wao ndio wanaotembea mbali kutafuta kuni.

Kisha ikaja Sheria ya Misitu ya 2005, ambayo kwa mara ya kwanza iliwaruhusu wakazi kuunda vyama vya kusimamia misitu pamoja na serikali. Sheria ya mwaka wa 2016 iliyochukua nafasi yake imeendeleza haki hiyo. Karura wakazi waliunda chama cha namna hiyo, wakachanga fedha za ua, wakaajiri vijana wa vijiji vya jirani kuwa walinzi. Msitu uliokuwa maficho ya majambazi ukawa mahali ambapo familia huenda Jumapili kutazama maporomoko ya maji na mapango. Paa na kima wako, na hata mbega waliokuwa wametoweka walirudishwa. Tena magugu ya kigeni yakang'olewa ili miti ya kienyeji ipate nafasi.

Na Muguga je? Pale pale Muguga ndipo yalipo makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka wa 1986.

Ndugu mwanafunzi, shule nyingi zina siku ya kupanda miti. Mgeni wa heshima anakuja, anashika jembe, anapigwa picha, sote tunapiga makofi. Ukienda pale mwezi wa Februari, jua likiwa kali, unakuta vijiti vikavu. Mgeni wa heshima alitimiza nusu ya kiapo cha Watu wa Miti, na nusu ya pili ilikuwa yetu. Shule yenye wanafunzi 400, kila mmoja akipanda miti kumi, itakuwa na miti 4,000 kwa mwaka mmoja. Lakini afadhali kila mmoja apande mmoja, aujue kama amjuavyo ndugu yake, aumwagilie maji likizo ikikaribia, na amwachie mwenzake wa kidato cha chini anapomaliza shule.

Baker alikuwa mgeni, na serikali iliyomleta ilitukosea mengi. Lakini alitambua jambo ambalo serikali yake haikulitambua, nalo ni kwamba msitu haulindwi na mpaka wala bunduki, hulindwa na wale wanaouita wao. Jambo hilo alilifundishwa na wazee wa Kikuyu, akalisambaza ulimwenguni kwa jina la Kiswahili. Haki yake tumempa. Sasa tutazame haki ya miti.

Twahamwe!